Mvuke kwa Moyo wa Mtu wa Muyama

Mwaka 2014 nilikuwa muuguzi wa usingizi katika hospitali moja ya Kasulu. Siku hiyo mchana pikapu iliingia uwanjani ikipiga honi mfululizo. Nyuma alikuwa amelazwa mkulima wa Muyama, amekatwa panga pajani na mdogo wake wa tumbo moja. Walikuwa wakigombea mpaka wa shamba la maharage. Panga lilikuwa limefika mfupani.

Aliyemkata alikuwa humo humo garini, amepiga magoti, akikandamiza jeraha kwa shati lake. Ndugu waliofuata kwa pikipiki walimburuta chini, wakampiga mateke, mmoja akamponda mdomo kwa tofali. Daktari wetu alitoka mbio.

"Mwacheni! Nataka damu yake!"

Maabara wakampima, damu zikalingana. Akatolewa damu huku meno mawili yakining'inia.

Katika chumba cha upasuaji, nilimlaza kaka yake kwa sindano ya usingizi. Daktari alipolegeza kitambaa kilichofunga jeraha, damu iliruka ikanipiga usoni. Kabla hajaubana mshipa, moyo ulisimama. Nikapanda kwenye kistuli nikamkandamiza kifua kwa nguvu zangu zote. Ubavu ulivunjika chini ya kiganja changu, nikausikia. Sikuacha. Damu ya mdogo wake ikaingia, mshipa ukabanwa, na moyo ukaanza tena, ukirukaruka ovyo.

Nikashika kitasa cha mashine ya mvuke wa usingizi, niufungulie.

"Dada, unafanya nini?" daktari akafoka. "Utaishusha presha, utamuua!"

Nilikuwa nimefundishwa jambo moja kozini. Moyo ukikosa damu, chembe hai zake huanza kufa. Lakini damu ikirudi kwa kishindo, oksijeni ileile iliyokuwa ikingojewa huzaa sumu inayoziunguza upya. Mwalimu alisema mvuke ule, ukiwa kidogo, huzishtua chembe zikajikinga mapema kabla sumu haijazidi. Alituonya pia kwamba mengi ya hayo yameonekana kwa wanyama, na kwa wagonjwa waliopangiwa upasuaji wa moyo. Kwa mtu aliyekatwa panga, hakutuahidi chochote.

"Kidogo sana," nikasema. "Na lazima alale, bado unashona."

"Presha ikishuka unafunga."

"Nitafunga."

Mkono wangu haukutoka kwenye kile kitasa mpaka uzi wa mwisho. Mapigo yalitulia polepole. Sijui kama ni mvuke, au damu, au ujana wake. Hadi leo sijui.

Kesho yake aliamka akauliza, "Hii damu ni ya nani?"

Nilimwambia ukweli. Aliung'oa mpira wa dripu mkononi, damu ikatapakaa kwenye shuka.

"Itoeni! Itoeni yote!"

Mkewe na mimi tulimlalia kifuani, juu ya ubavu ule niliouvunja, naye akipiga mayowe mpaka nguvu zikamwishia.

Aliruhusiwa akitembelea magongo. Miezi baadaye nilikutana na mkewe sokoni. Akanisimulia kwamba mumewe alisimama mahakamani na magongo yake, akakataa kiti, akamwomba hakimu amfunge mdogo wake miaka yote anayoweza. Mdogo mtu hakujitetea.

Nikamuuliza, "Na kifua? Hachoki, hapati kizunguzungu?"

"Hapana, sista. Siku hizi analima."