Besiki ya Kusoma kwa Sauti

Macho ya mume wangu yalipozima kabisa, tulikubaliana jambo moja: pale shuleni asijue mtu. Alikuwa mwalimu wa kompyuta katika shule ya binafsi huku njia ya Kaengesa. Nyumba tuliyolala ilikuwa ya shule, na watoto wetu walisoma bure kwa ajili ya baba yao. Miaka hiyo neno kupunguzwa lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Mashirika yalikuwa yanauzwa, watu wazima wanarudishwa nyumbani na bahasha mkononi. Kama mwenye macho yake mawili alikuwa halali usingizi, kipofu je? Kazi ikienda, nyumba imekwenda, na watoto wamekwenda.

Kumfikisha darasani ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kila asubuhi nilitangulia mbele nikimgombeza njia nzima. Hilo jiwe hapo kulia atakuja kuliondoa nani, mjomba wako? Na hizi ngazi mbili, wanaume wa nyumba nyingine wangekuwa wameshazitengeneza. Yeye aliifuata sauti yangu, kichwa chini, na watu wakasema nimemkalia mume wangu kooni. Mke wa mwalimu mmoja alinivuta pembeni akaniomba nimhurumie mwanamume wa watu. Nilimwambia huruma yake aiweke, itamfaa mwenyewe. Nilikwenda kulia jikoni, lakini hilo mama yule hakulijua.

Akishaingia darasani, mambo yalikuwa mepesi, na sababu ilikuwa zile kompyuta zenyewe. Zilikuwa kuukuu, skrini nyeusi na maandishi ya kijani, hazina picha wala mausi. Tulizitumia kwa lugha moja tu ya kompyuta, Besiki. Unaandika amri mstari baada ya mstari, kila mstari una namba yake, halafu unaiambia iende, nayo inazitii kwa zamu. Mwanafunzi alikaa kwenye mashine akisoma kwa sauti, mume wangu amesimama dirishani mikono nyuma, anasikiliza. Mimi nilifundisha ushonaji chumba cha pili, katikati ukuta wa mabanzi, nikisikia kila kitu. Mstari wa kumi, mstari wa ishirini. Ghafla yeye anamkatisha mtoto: rudi mstari wa arobaini, umeacha alama ya nukta mbili. Programu nzima ilikuwa kichwani mwake. Mkuu wa shule aliwahi kupita, akasifu kwamba ni mbinu nzuri ya kufundishia. Nilijichoma kidole na sindano kwa kicheko.

Jumamosi walikuja wengine, wale waliowahi kusoma kwake. Mmoja alikuwa karani wa forodha Kasesya, akipanda kwa lori la mahindi alfajiri. Wa pili alikuwa na duka la kupiga chapa Mazwi. Wa tatu alikuwa binti wa Kisukuma, wazazi wake walihamia na ng'ombe huku bonde la Rukwa, naye sasa anafundisha shule ya msingi. Wenzao mjini waliwacheka. Dunia inakwenda na madirisha ya picha na mausi, nyinyi mmeng'ang'ania skrini nyeusi! Hawakujali. Karani aliniambia siku moja kwamba mashine ya ofisini kwake anaibonyeza tu, hajui ndani inafanya nini, lakini Besiki anaijua kama anavyolijua jiko la mama yake. Walikuwa na programu yao ya kutafuta Pasaka: unaipa mwaka, inakupa tarehe. Walilinganisha na kalenda ya parokia, wakagombana mpaka uji wa ulezi ukapoa, huyu anataka kufuta mstari, huyu anasema ukifuta umeua. Mume wangu akiwa katikati yao alikuwa mtu mwenye furaha. Nilimtazama nikaapa moyoni kwamba huyu mtu hawamtoi hapa.

Basi zikaja kompyuta mpya. Mwenyekiti wa bodi, mfanyabiashara wa mahindi, mtu wa sauti kubwa na roho nzuri tu, alizileta kwenye pikapu yake mwenyewe. Akasema za zamani zitatupwa, shule yetu lazima ishindane, na Jumamosi ijayo bodi nzima itakuja kumwona Mwalimu akizifungua mbele ya wanafunzi. Nilimshauri mume wangu ajidai homa. Alikataa. Alisema homa ya Jumamosi hii itahitaji homa ya Jumamosi nyingine.

Siku yenyewe upepo wa Ufipa ulikuwa unakata masikio. Darasa lilijaa, wanafunzi mbele, wale watu wazima wa Jumamosi nyuma, bodi pembeni. Niliingia na birika la chai ambalo hakuna aliyeliagiza. Nikaanza: baba watoto, kaa basi hapo, kiti hicho kiko mkono wako wa kushoto, unawasimamishia wageni nini? Watu wakacheka. Akakaa. Mkono wake ukaipata mausi.

Mwenyekiti akamwomba afungue ile sehemu ya kuandikia barua. Mume wangu aliisogeza mausi kidogo, akangoja. Nilijua anangoja nini. Alikuwa anangoja mtu amsomee mstari, na mle hamkuwa na mstari, mlikuwa na picha tu na mshale unaozunguka. Msichana mmoja wa mbele akajitahidi, akasema taratibu kwamba ipo juu, kona ya kushoto, Mwalimu, panda kidogo, umepita. Alipanda. Mausi ikafika ukingoni mwa meza ikaanguka, ikabaki inaning'inia kwa waya wake.

Hakuna aliyecheka safari hii. Mwenyekiti alimsogelea, akamnyooshea mkono kama mtu anayetaka kumwinua. Mkono ukabaki hewani. Sisi kwetu mkono hauachwi hewani, hata wa adui. Nilifungua mdomo nigombeze chochote, lakini mwenyekiti akaniwahi.

"Mwalimu," alisema mwenyekiti, "huoni."

"Sioni," mume wangu akajibu.

Mwenyekiti alipandisha hasira, na sikumlaumu sana, maana mtu aliyeaibika kwa wema wake huwa mkali. Akauliza tangu lini, akajibiwa kwamba ni tangu mwaka juzi. Akasema wazazi wanauza magunia kulipa karo, kumbe wamewekewa mtu wa kubahatisha. Akageuka kwa mkuu wa shule akamwambia palepale, mbele ya watoto, atafutwe mwalimu mwingine, na nyumba ikabidhiwe mwisho wa muhula. Ndivyo ilivyokwisha, kwa maneno machache hivyo. Niliweka birika chini.

Mume wangu alisimama. Hakuomba nyumba wala kazi. Alisema wanafunzi wasiguswe, hawana kosa. "Niliwaficha. Hakuna aliyejua isipokuwa mke wangu."

Nadhani mwenyekiti alitaka kuumaliza ule uongo hadharani, watoto wenyewe wamwone aliyewahadaa. Akawageukia darasa zima.

"Ambaye hakujua kwamba mwalimu wenu haoni, anyooshe mkono."

Nilitazama. Safu ya mbele, mikono mapajani. Safu ya pili hivyo hivyo. Yule karani wa Kasesya ameinamisha kichwa, binti wa Kisukuma anafuta pua na ncha ya kitenge. Mkuu wa shule peke yake ndiye aliyekuwa anageuka huku na huku, mdomo wazi. Mume wangu alisimama katikati ya ukimya huo akitega sikio, kwa sababu mkono ukinyooshwa hautoi sauti, na usiponyooshwa hautoi sauti.

"Mama," aliniuliza kwa sauti ya chini, "wangapi?"

"Hakuna," nikamwambia. "Hakuna hata mmoja."

Hakunielewa, au hakutaka kunielewa. Alirudia swali. Ndipo yule msichana wa mbele alipoinuka, akamwambia kwamba waliona siku ile alipokanyaga ndoo ya maji mlangoni akaiomba radhi kama mtu. Wakakubaliana bwenini kuanzia kesho yake wawe wanasoma kwa sauti, kila mmoja, bila kuambiwa, wakidai ndivyo wanavyoelewa vizuri.

Mume wangu siku zote aliamini kwamba kwa mbinu ile yeye ndiye anayewaficha wao, na mimi niliamini hivyo hivyo. Siku daktari alipomwambia macho hayatarudi, hakulia. Jumamosi hiyo alikaa tena kwenye kile kiti akalia mbele ya wanafunzi wake, na mimi nikalia naye, na darasa zima wakabaki wameketi, mikono mapajani, mpaka tukamaliza.