Mto Tuliomchagulia Baba

Wazazi wangu walipokaribia kutimiza miaka arobaini ya ndoa, sisi watoto wao wanne tulianza kubishana kwenye simu. Kaka yetu mkubwa alitaka misa ya shukrani, kisha turubai, keki na muziki. Dada zangu wawili walikuwa wameshachagua vitenge vya sare. Mimi nikasema, kwa nini tusiwaulize wenyewe? Jumamosi moja nikapanda basi kutoka Geita, nikashuka Shinyanga, nikatafuta gari la Maganzo, na kutoka pale nikachukua bodaboda mpaka nyumbani, upande wa Songwa.

Baba alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, redio mapajani. Mama alikuwa kwenye mkeka anachambua choroko. Baada ya shikamoo na habari za mvua, ambayo haikuwa imenyesha, nikamuuliza baba anataka zawadi gani.

"Mto," akasema.

"Nini, baba?"

"Mto wenye maji, mayu." Ndivyo anavyoniita, yaani mama kwa Kisukuma, tangu nikiwa mdogo. "Nikae kwenye boti ya mpira, maji yanirushe."

Karibu miaka thelathini kazi ya baba ilikuwa kusoma kina cha maji kwenye lambo kubwa. Kila asubuhi alipanda baiskeli, akaenda kwenye nguzo iliyochorwa vipimo, akasoma, akaandika. Alijua ni siku gani maji yamepanda kwa upana wa kidole. Lakini mito ya kwetu ni ya msimu. Inakuja na kelele, rangi ya chai ya maziwa, inabeba matawi na wakati mwingine mbuzi wa watu, halafu baada ya wiki chache unapita katikati yake na viatu vyako, mchanga mtupu. Sasa alikuwa amestaafu, na mjukuu wake mmoja alikuwa amemwonyesha video ya watu wenye helmeti wakitumbukia kwenye mawimbi meupe huku wakipiga mayowe. Aliiangalia mpaka bando likaisha.

"Mzee amechanganyikiwa," mama alisema bila kuinua kichwa. "Presha anayo, magoti anayo, na kuogelea hajui."

"Kwani wewe unajua?" baba akamuuliza.

Mama alitupa kijiwe pembeni, akaendelea na choroko zake.

Mimi ni mtunza stoo kwenye duka la pampu na mabomba pale Kalangalala. Mwenye duka ni mama wa Kihindi aliyezaliwa Geita, kama mama yake kabla yake, na Kisukuma chake kinanishinda mimi. Kila mwaka huwapeleka watoto wake mahali fulani wakachoke vizuri. Nilipomweleza habari za baba hakucheka. Alichana kipande cha boksi la pampu, akachora mito mitatu kwa kalamu ya kuwekea alama, na kila mmoja akanieleza kama mtu anayesifu wanawe, mwenye sifa na mwenye kasoro.

Wa kwanza ulikuwa Zambezi. Huo, alisema, ndio baba yao wote, lakini unapita chini kabisa kwenye korongo, na ukimaliza kurushwa na maji unapanda ukuta wa mawe kwa miguu yako kwenye jua kali. Wa pili ulikuwa Kenya, kule Sagana. Mto mzuri, mwembamba, wenye kona nyingi, ila wakati wa kiangazi mawe yake yanatoka nje. Wa tatu ulikuwa Nile, pale Jinja, unapoanzia kwenye ziwa letu hili hili. Mpana, wenye kina, na mawimbi yake ni makubwa kuliko nyumba ya chumba na sebule.

Jioni nikampigia baba. Nilidhani atauliza upi una mawimbi makubwa zaidi. Yeye akauliza kila mto unalishwa na nini. Nikasikia karatasi zikifunuliwa. Alikuwa ameanzisha daftari jipya. Kwa wiki tatu tulikuwa hivyo. Mimi nampelekea jibu kutoka kwa mwenye duka, yeye ananipa swali jingine. Zambezi ulienguliwa kwa sababu ya magoti, yake na ya mama pia, maana baba aliamua tangu mwanzo kwamba mama anakwenda, ingawa mama mwenyewe hakuwa ameulizwa. Sagana ulimsumbua zaidi. Aliupenda kwa jinsi nilivyomweleza zile kona.

"Lakini mawe yanatoka nje?"

"Wakati wa kiangazi, baba."

"Basi hapana. Mto wa kusubiri mvua nimeishi nao maisha yangu yote." Akafunua ukurasa. "Na huo wa Jinja, mtu akianguka, anaangukia nini?"

Kesho yake nikampelekea jibu. "Maji, baba. Mwenye duka anasema anaangukia maji matupu, kina kirefu, na chini ya kila poromoko maji yanatulia kama bwawa."

Niliuliza pia kuhusu Kagera, kwa kuwa uko karibu, lakini mwenye duka hakuwahi kusikia mtu anayeshusha boti za mpira kule, na baba akasema hana haja ya kuwa wa kwanza.

Siku ya uamuzi nilikuwa nyumbani Songwa tena. Baba alisoma daftari lake kwa sauti, mto mmoja baada ya mwingine, kama katibu wa mkutano. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mimi, siyo yeye.

"Mto Simiyu si unaingia ziwani?"

"Unaingia, mama."

"Na huo wa Jinja unatoka ziwani?"

"Ndiyo."

"Basi huo," akasema, akainuka kwenda kuangalia mboga jikoni.

Baba alitabasamu. Alidhani mama amekubaliana na hesabu zake za maji. Mama ni mtu wa kule Maswa. Alikuja kwetu kama bi harusi wa miaka ishirini, na habari za kwao alikuwa akizisimulia kwa nadra, kwenye misiba na harusi tu.

Tulisafiri mwezi wa saba. Wote wawili walikuwa na hati za muda za kusafiria na kadi za chanjo ya homa ya manjano, ambazo baba alizifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuuning'iniza shingoni. Mama alibeba michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga za kutosha kijiji. Tulipita Chato, Biharamulo, Bukoba, tukavuka mpaka pale Mutukula, na mpaka tunafika Jinja siku ya pili miguu ya mama ilikuwa imevimba, lakini baba alikuwa bado anahesabu madaraja.

Kiongozi wa boti alikuwa Mkenya wa makamo mwenye ndevu zenye mvi, na nilishukuru sana kwamba anaongea Kiswahili. Aliwaamkia wazazi wangu shikamoo, kisha akawauliza kuhusu afya zao polepole, bila kuwaaibisha, akasoma na barua ya daktari tuliyokuja nayo. Akatuvalisha sisi na wageni wengine watatu helmeti na majaketi okozi, akayakaza mpaka mama akaguna. Chini mama alikuwa amevaa suruali yangu ya traki, na juu yake amejifunga kitenge ambacho kiongozi alimwomba akivue, kisije kikanasa. Alikivua akiugeukia mti. Hakuwa amewahi kuvaa suruali mbele za watu.

"Picha yoyote ikiingia kwenye grupu la jumuiya," aliniambia, "mimi Songwa sirudi."

Mto ulikuwa mpana na wa kijani, na umetulia kuliko nilivyotegemea. Tulipiga kafi kidogo, kisha kiongozi akasema kabla ya kwenda popote kila mmoja aruke majini, alale chali, aone jaketi linavyombeba. Baba akaruka wa kwanza. Ilikuwa zawadi yake.

Sitasahau sura yake alipoibuka. Jaketi lilikuwa linamshikilia vizuri kabisa, lakini mwili wake haukuamini. Alirusha mikono, akameza maji, akaikamata kamba ya boti kwa vidole vyote kumi na kuubana uso wake kwenye mpira. Kiongozi akamshika mabega, akamwambia, "Mzee, nimekushika." Baba hakumsikia. Tulimvuta ndani. Alikaa katikati ya boti anatweta, na nilipomfuta uso hakunitazama.

"Miaka yote ile," alisema taratibu, "niliyatazama tu. Sijawahi kuingia hata mara moja."

Nilikuwa bado nimemshika bega. Ndipo nikasikia maji yakigawanyika upande wa pili. Mama alikuwa ameingia. Hakuruka, aliteleza tu kutoka ukingoni, akazama mpaka kwenye helmeti, akatokea mbali kidogo, akalala chali. Mikono ameitandaza, vidole vya miguu viko juu, macho ameyafumba. Halafu akageuka, akaogelea kuzunguka boti nzima kwa mapigo marefu mazuri ya mikono, jaketi likimpanda mpaka masikioni, akarudi pale alipoanzia.

Baba alikuwa amesahau kutweta.

"Nani kakufundisha?"

"Simiyu," mama akajibu. "Tulikuwa tunavuka kwenda kuchunga upande wa pili. Mimi na kaka zangu."

"Miaka arobaini hujaniambia!"

"Ningekuambia ili niogelee wapi? Kwenye mchanga?"

Kiongozi alicheka mpaka akaacha kafi lake. Baba naye alianza kucheka, kwanza kwa kukohoa, kisha kweli kweli, na nadhani kicheko kile ndicho kilichomwokoa na aibu. Akasema mwenyewe kwamba yeye ataingia kwenye ile boti nyingine, kubwa, yenye makasia marefu, inayobeba chakula na dawa na kupita pembeni ambako maji siyo makali. "Mama yenu abaki hapa," aliniambia. "Apige kafi badala yangu."

Poromoko la kwanza lilituminya na kututema kabla sijajua limeanza. La pili nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mama alikuwa mbele yangu, amechomeka mguu chini ya mpira kama alivyofundishwa, na kila kiongozi alipoamuru "Pigeni!" alipiga kafi kama anayetwanga. La tatu lilikuwa na wimbi moja refu ambalo liliinua pua ya boti taratibu, likaisimamisha, nikaona mgongo wa mama juu ya kichwa changu badala ya mbele yangu, kisha kila kitu kikawa maji.

Nilikuwa chini ya boti. Giza, na mngurumo. Nilipapasa mpira mpaka nikapata ukingo, nikaibuka, na neno la kwanza nililolitoa lilikuwa "Mama!" Nikaliita tena. Niliona helmeti tatu, zote za wageni wenzetu. Nilifikiria ndugu zangu na lile turubai na ile keki, jinsi vitu hivyo vilivyokuwa salama.

Kisha nikamwona, mbali chini, anashuka na maji akiwa chali, miguu mbele, kama mtu aliyekaa kwenye kiti. Alikuwa anaelekea moja kwa moja kwenye boti ya mizigo. Na baba, ambaye saa moja iliyopita alikuwa ameibana kamba kwa vidole vyote, alikuwa amelala kwa tumbo ukingoni, kichwa na mabega yote mawili nje juu ya maji, mikono ameinyosha. Mpiga makasia alimshika baba kwa mkanda wa suruali. Baba alimshika mama kwa mabega ya jaketi. Wakaanguka wote wawili ndani, juu ya mananasi ya mlo wa mchana.

Niliposogezwa karibu nao nilikuta baba anamgombeza kwa Kisukuma, haraka haraka, maneno yanagongana, na huku anamgombeza anamtoa nywele usoni moja moja. Mama alikuwa anahema na kucheka.

"Niache nipumue, mzee."

"Umeninyima hiki miaka arobaini."

"Nimekunyima nini?"

Baba alimwondolea unywele wa mwisho shavuni. "Kukuona hivi," akasema, akageuka akajifanya anapanga mananasi.

Mama alirudi kwenye boti yetu. Nilimwomba asirudi, akaniuliza kama mimi ndiye niliyemzaa. Tulipita maporomoko mengine manne, na kwenye kila moja nilimwona baba, ameshatangulia kwenye maji yaliyotulia, amesimama wima kwenye boti yake ingawa anaambiwa akae, mkono juu ya macho.

Ndugu zangu walipiga simu jioni ile. Baba aliwaeleza habari zote kwa utaratibu, kimo cha mawimbi, rangi ya maji, kasi yake kwa makadirio, na akasema mama yao alipinduka na boti. Nikasikia dada yangu akipiga yowe. "Tulia," baba alimwambia. "Mama yenu ni mtu wa majini." Alilisema kwa majivuno, kama jambo ambalo yeye amelijua siku zote.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kufungasha, nilikuta hawapo chumbani mwao kwenye nyumba ya wageni. Nikatoka na kikombe changu cha chai hadi pale ngazi zinapoanza kushuka mtoni. Chini, kando ya majani, kuna kidimbwi ambako maji ya mto yanapumzika, na walikuwa wamesimama humo, yanawafika kiunoni. Baba alikuwa amevaa jaketi la kuazima, ameanza kujilaza chali. Mama alikuwa amejifunga kitenge chake, mkono mmoja chini ya mgongo wa baba, mwingine chini ya kisogo.

"Usiinue kichwa."

"Siinui."

"Unainua, mzee. Legeza shingo. Masikio yaingie."

"Nikiyaingiza sitakusikia."

"Huna haja ya kunisikia. Nimekushika."

Niliketi kwenye ngazi ya juu kabisa nisiwasumbue. Baba alivuta pumzi, akafumba macho, masikio yakaingia majini. Miguu yake ilipanda polepole mpaka nikaona vidole vyake, vimepauka kwa baridi. Mama alisubiri kidogo, akautoa mkono wa mgongoni. Halafu akautoa na ule mwingine, akaviweka viganja vyake pale pale chini yake, bila kumgusa.