Gari la Papa Lililovuka Daraja kwa Mikono

Sisi tuliokulia Kamembe kabla watoto hawajaanza kuzaliwa na simu mkononi tunajua kitu kimoja ambacho kizazi hiki hakitakijua kamwe: kuwasha gari kwa mabega. Asubuhi, tukielekea shule pekupeku, tulikuwa hatukosi gari moja lililogoma njiani, na dereva wala hakuhitaji kuita. Tuliweka madaftari kwenye nyasi, tukasukuma, likakohoa, likawaka, likatuachia moshi wa kutosha mpaka jioni. Mwalimu akiuliza kwa nini tumechelewa, tulimwonyesha viganja vyeusi, naye hakuuliza zaidi.

Magari yenyewe yalikuwa machache. Kulikuwa na ya Kifaransa, yaliyochoka, na ya Kijapani, madogo, ambayo Papa, yaani baba yangu, aliyaita makopo. Papa alikuwa muuza vitenge pale sokoni, na yeye hakutaka kopo. Alinunua la Kimarekani kutoka kwa mmisionari wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akirudi kwao, na siku lilipoingia uani kwetu, nyumba ndiyo iliyoonekana ndogo.

Lilikuwa gari la familia, la kiasi, si kubwa wala si dogo. Hivyo ndivyo mmisionari alivyomwambia. Kama lile lilikuwa la kiasi, basi lililo kubwa sijui walilipitisha barabara gani. Siti ya mbele ilikuwa sofa moja ndefu. Tulikaa wanne na Papa akiendesha, na Maman alikuwa na mahali pa kuweka kapu la sambaza, dagaa wa ziwani, bila kumgusa mtu. Lilikuwa na mashine ya kupoza hewa, katika mji ambao kila usiku tuligombania blanketi. Kila mlango ulikuwa na kisahani cha majivu ya sigara, na kwa kuwa kwetu hakuna aliyevuta, tulitia karanga. Vioo vilipanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe. Na juu ya yote, lilibadilisha gia lenyewe. Papa aliwaeleza watu msikitini kwamba tangu alinunue gari lile, mguu wake wa kushoto umestaafu.

“Mumarekani hafanyangi kitu kidogo,” alisema kila alipolipangusa, na alilipangusa mara nyingi kuliko alivyoliendesha.

Maana lilikunywa. Lilikunywa petroli kama mgeni asiyejali hali ya mwenye nyumba, ndiyo sababu mara nyingi lilitembea Ijumaa tu. Nati ikipotea, nyingine ilikuwa ng'ambo ya bahari. Na jioni redio ilikuwa haituonei huruma: viwanda vya magari huko Marekani vinapunguza wafanyakazi, Wajapani wanauza zaidi, watu wenyewe wa Marekani wanakimbilia makopo. Papa alizisikiliza habari hizo kama mtu anayesikia ndugu yake kalazwa. Jirani yetu, Papa Idi, mwenye kopo la Kijapani lililowaka kila asubuhi bila kuombwa, alikuwa akipita ukutani kumpa pole. Papa alimjibu kwamba wakubwa huyumba, hawaanguki, kisha akazima redio.

Basi dada yangu Mariamu akaposwa na kijana wa Bukavu.

Nikahi ilifungwa mchana kwetu, na alasiri ile bibi harusi alikuwa apelekwe kwa mumewe. Papa alikuwa ametuma habari mapema kwa wakwe: msilete gari, binti yangu atavuka daraja la Rusizi katika gari la baba yake. Wakwe walikuwa watu wa duka kubwa kule Bukavu, na Papa hakutaka waseme wamemchukua binti wa muuza vitenge. Wao wangengoja upande wa pili wa daraja, na mpaka ulikuwa ukifungwa saa kumi na mbili jioni. Bibi harusi asipovuka kabla ya hapo angelala kwetu, na maneno yangelala naye.

Wageni walikuwa wamejaa tangu jana yake, na kila mgeni ilibidi aonyeshwe vioo. Papa aliketi kwenye usukani akabonyeza, kioo kikashuka, akabonyeza, kikapanda. Shangazi kutoka Nzahaha aliomba arudiwe, akarudiwa. Yote hayo injini ikiwa imezimwa, kwa sababu petroli ilikuwa imetengwa kwa ajili ya safari. Mwishowe akavifunga vyote, watoto wasitie vidole, akaenda kula pilau kwa raha.

Alasiri tukampakia Mariamu kwenye siti ya nyuma, mimi ubavuni mwake nikishika upepeo, gari likinuka udi. Papa akazungusha ufunguo. Gari likatoa sauti ndogo, tik, kisha likanyamaza kabisa.

Hakuna aliyehuzunika. Vijana wa mtaa walikuwa tayari wanakunja mikono ya kanzu. Walisukuma mpaka kwenye duka la mkate, wakasukuma mpaka kwenye kona ya soko, na gari likateleza vizuri, kimya, bila hata kukohoa. Ndipo Fundi Yohana, aliyetengeneza magari yote ya pale, akaja akifuta mikono na kuweka kiganja chake juu ya boneti.

“Papa, hii gari haina ambreyaji,” alisema taratibu, yaani klachi ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto. “Inabadilisha gia yenyewe. Bataisukuma mpaka Bukavu na haitawaka.”

Papa akatazama mguu wake wa kushoto, ule uliostaafu. Akauliza habari ya betri nyingine, maana ile yake vioo vilikuwa vimeimaliza. Fundi akamwonyesha: nyaya za betri ya Kimarekani zilifungwa ubavuni, na betri zote za Kamembe zilikuwa na vichwa juu. Hapakuwa na ya kufaa, wala nyaya za kuazimia umeme kwa gari jingine.

Papa Idi akaleta kopo lake. Nasema kwa haki yake, hakucheka. Alifungua mlango akasema tu kwamba muda unakwenda. Baba yangu akaja dirishani, vioo vimefungwa vyote na havishuki, ikabidi afungue mlango ili aseme na binti yake. Alimwambia ashuke, aende na Papa Idi, kwamba muhimu ni kufika. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekabidhi kitu kwa polisi.

Mariamu alikuwa amelowa jasho ndani ya shela. Siku nzima alikuwa hajasema, kama ilivyompasa bibi harusi. Akasema:

“Papa, mie nitavuka na gari yako. Basukume tu.”

Wakasukuma. Palipokuwa tambarare walisukuma, na barabara ilipoanza kuteremka kuelekea daraja, Fundi akagundua kwamba bila injini breki ni ngumu kama jiwe, basi wakafunga kamba ya lori la ndizi nyuma ya gari, na wale waliokuwa wakisukuma wakawa wanavuta. Papa alipambana na usukani kwa mikono miwili na miguu yote miwili juu ya breki. Shangazi wawili walitembea wakishika milango wazi ili tupate hewa. Kopo la Papa Idi lilitufuata nyuma polepole na masufuria na godoro, kwa heshima, bila kupiga honi.

Afisa wa mpaka alitazama gari, akatazama kamba, akamuuliza Papa kama anasafirisha nje chuma chakavu. Papa akamjibu ni gari la familia. Tukapita. Katikati ya daraja vijana wetu wakachoka, na hapo wakwe, watu wa duka kubwa, wakaona. Wakavua makoti. Mkwe mkubwa mwenyewe akaweka mabega, vijana wetu wakaachia, wao wakapokea, na dada yangu akapandishwa kilima cha Bukavu kwa mikono ya ukoo wa mumewe huku vigelegele vikiingia kwenye milango iliyo wazi. Papa alilia juu ya usukani, wala hakujificha.

Gari halikurudi. Lilibaki uani kwa Mariamu, wanawe wakakulia ndani yake, wakila karanga kutoka visahani vya majivu. Na sasa nasikia Wamarekani wenyewe wamepunguza sana kutengeneza magari ya familia ya namna ile. Papa hakuishi kuyasikia hayo, na nashukuru.

Mimi leo naendesha kopo. Lina kamera ya nyuma, lina sauti ya kike inayoniambia nifunge mkanda, na linabadilisha gia lenyewe. Juzi nilikuwa naenda kumwona Mariamu, ambaye sasa hatoki kitandani, na kopo likazimika kwenye foleni ya daraja. Nikangoja mabega. Vijana wakatoa simu, wakanipiga picha. Mmoja, mwenye adabu, akainama dirishani.

“Maman, hii ni otomatiki. Haiwakangi kwa kusukuma.”

“Ninajua, mwanangu,” nikamwambia. “Dada yangu ananingojea ng'ambo. Musukume tu.”