Jiko la Mama Sharon

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya afya ya akili mjini Nakuru, mapema mwaka 2008, nilikuta benchi limejaa watu wasio na jeraha hata moja. Nilikuwa nimehamishwa kutoka zahanati moja ya Subukia, ambako kazi yangu ilikuwa sindano na vidonda. Muuguzi Mkuu, mama mkali asiyependa maneno mengi, alinipokea mlangoni.

"Hapa hakuna bandeji," aliniambia. "Na usimpe mtu majibu. Muulize, kisha ungoje."

Yeye ndiye aliyetufundisha tiba ya fikra na tabia. Wazo huleta hisia, hisia husukuma tendo, na tendo huzidisha lile wazo. Mgonjwa hulitaja wazo linalomtesa, hutafuta ushahidi wake, kisha hulijaribu kwa vitendo, kidogo kidogo.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa Mama Sharon. Nyumba yake Elburgon ilichomwa wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, akakimbilia kwa dadake, mtaa wa Rhonda hapa Nakuru, akiwa na watoto wake wawili. Kazi aliyoijua ni kupika chapati, lakini akisikia moshi tu alitoka nje mbio. Dadake alikuwa ameanza kuchoka kuwalisha.

"Ukiona moto, unawaza nini?" nilimuuliza.

"Kwamba tutaungua. Sisi wote."

"Dadako hupika kila siku. Ameungua mara ngapi?"

"Hajaungua. Lakini daktari, kichwa kinajua. Mwili ndio haujui."

"Mimi ni nesi tu, mama. Basi tuufundishe mwili."

Wiki ya kwanza alishika kiberiti tu. Ya pili aliwasha njiti moja. Kila mara aliipima hofu yake kwa alama, sifuri hadi kumi, na sharti lilikuwa moja: asiondoke mpaka ipungue yenyewe, kwa sababu kukimbia huuambia mwili kwamba hatari ilikuwa ya kweli.

Wiki ya tatu, alipokuwa akijiandaa kuwasha jiko, jirani alichoma takataka. Mama Sharon alikimbia hadi barabarani.

"Nimerudi nyuma kabisa," alilia kliniki. "Mimi sitaki tena."

Nilitaka kumwacha apumzike. Muuguzi Mkuu alikataa. "Arudi hatua moja, si zote. Nenda naye leo."

Mchana huo tuliketi kando ya jiko ambalo dadake alikuwa ameliwasha.

"Ngapi?"

"Tisa."

Tukakaa. Jasho lilimtoka. Saba. Tukakaa tena. Tano. Kesho yake, kabla sijamwambia, alichukua kiberiti. Njiti mbili zilivunjika mkononi. Ya tatu ikawaka, naye akawasha makaa mwenyewe.

Kabla ya mwaka kuisha alikuwa akiuza chapati Rhonda. Elburgon hakurudi, na ndoto mbaya hazikumwacha kabisa.

Sasa nimestaafu. Wapo waliokuja mara moja tu nisiwaone tena, na hao bado nawawaza. Ninyi mnaoanza kazi hii, msimwahidi mtu kwamba hofu itaisha. Mwahidini kwamba mtakaa naye mpaka ipungue. Kisha mkae.