Ukurasa wa Asali na Simu za Igalula

Nilijifunza kutengeneza kurasa za mtandao nikiwa nyuma ya kaunta ya steshenari, mjini Tabora, katikati ya kutoa fotokopi na kuchapa barua za watu. Shule niliiacha kidato cha pili, mama alipomfuata baba kaburini na wadogo zangu wawili wakabaki wananitazama mimi. Kusoma sikuacha. Nilisomea kwenye kompyuta ya kazini, mchana, saa ambazo wateja hupungua. Lakini nilichokijua vizuri zaidi kilikuwa kadi: za harusi, za kipaimara, matangazo ya mahafali. Unapanga picha, unaandika juu yake, unapamba, unahifadhi yote kuwa picha moja, kazi imekwisha.

Kisha mwenye duka akaniambia atafunga mwisho wa mwezi na kuhamia kwa watoto wake. Shangazi yetu wa Ziba aliposikia, alipiga simu.

“Niletee huku hao wadogo,” alisema. “Wewe mwenyewe utafute pa kujishikiza.”

Hakuwa na ubaya. Kwake kuna chakula na shule iko karibu. Ila nilikuwa nimemwahidi mama kwamba hatutagawanywa, nikamwomba shangazi anivumilie mpaka mwezi uishe.

Kilichonipa ujasiri wa kuomba ni kikundi cha wafuga nyuki wa Igalula. Walitaka ukurasa wa kutangazia asali yao na mtu wa kuutunza. Jumamosi, kwenye mkutano wao, wangechagua kati yangu na kampuni moja ya Dar es Salaam iliyowaandikia barua na kuwatumia ukurasa wa mfano. Wakinichukua, ningefanyia kazi nyumbani, kwa kompyuta ambayo mwenye duka ameahidi kuniachia, na sote watatu tungebaki pamoja.

Nilitengeneza ukurasa huo kwa wiki mbili, nikiutazama kwa kivinjari kimoja tu, ile programu ya kufungulia mtandao niliyoikuta kwenye kompyuta siku ya kwanza kazini. Haikunijia akilini kwamba kivinjari ni kitu cha kuchagua. Niliweka picha kubwa ya msitu wa miombo, asali ikimiminika, na juu yake, kwa herufi za dhahabu, aina za asali, ujazo wa chupa na namba ya simu. Nilikuwa nimetengeneza kadi ya harusi bila kujua. Nikatuma kiungo kwenye kundi la simu la wanachama. Majibu yakamiminika. “Hongera binti.” “Safi sana mwanangu.” Mwenyekiti, mama wa makamo, akatuma vijipicha vya mikono inayopiga makofi mpaka vikajaza kioo.

Alhamisi nilikwenda Igalula kuchukua majina ya wanachama. Ghalani nilimkuta mtunza ghala, mzee wa Kigogo aliyeoa hapo kijijini miaka mingi iliyopita. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipopita kwao wamejitwika mizigo kuelekea pwani, na wao wakawatoza kwa kila kisima. Mtani hukwambia lolote, na ukikasirika aibu ni yako.

“Shikamoo, babu.”

“Sipokei shikamoo ya mpagazi. Tua mzigo kwanza.”

“Mzigo gani? Nimekuja na pochi tu.”

“Huo uliotutumia kwenye simu. Nimeungoja ufunguke mpaka chai ikapoa. Ulipofunguka hamna kitu. Mweupe, kama ugali wenu wa muhogo.”

Nilicheka, nikidhani ni utani mtupu. “Mbona wenzako wamesifu?”

“Wenzangu wana adabu. Yatima amehangaika na kazi, nani atamwambia haionekani? Mimi kwako sina adabu. Haya, tazama.”

Akanipa simu yake. Kivinjari chake hakikuwa changu. Kilikuwa kile chepesi ambacho watu wengi wa vijijini hukipenda kwa sababu hakimalizi bando, na zaidi ya hapo alikuwa amezima picha zisijifungue. Kwa kuwa ukurasa wangu wote ulikuwa picha, alichokiona ni kisanduku kitupu. Hapakuwa na asali wala namba ya simu.

Nje ya ghala walikuwepo kina mama wawili wakichuja asali. Niliwauliza waliona nini.

“Kiboksi,” alisema mmoja.

“Na mlisema hongera?”

“Tulijua hujamaliza, dada. Tukasema tusikuvunje moyo.”

Masikio yaliniwaka moto. Kama si mtani, Jumamosi ningesimama mbele ya mkutano kwa furaha, nikaonyesha kisanduku kitupu. Nikatoa daftari nikaanza kuzunguka: ghalani, stesheni, kwa wauza nyanya. Nilimwomba kila mtu anionyeshe anachotumia kufungulia mtandao. Wengi walikuwa na kile chepesi. Wengine walitumia kilichokuja na simu na hawakujua kina jina. Wachache, wanaokwenda Tabora kila mara, walikuwa na kama changu.

Ijumaa nilianza upya, safari hii maandishi yakawa maandishi na picha ikawa picha. Niliacha ile programu ya kawaida ya kuandikia niliyoizoea, nikapakua kihariri cha bure, kinachotia rangi kwenye msimbo, yale maandishi yanayoujenga ukurasa, na kukuonyesha alama uliyosahau kuifunga. Nikapata chombo cha kupunguza uzito wa picha. Kubwa kuliko yote, niliacha kukimbia kile kidirisha cha ukaguzi kilichomo ndani ya kivinjari, ambacho siku zote nikikifungua kwa bahati mbaya nilikifunga haraka kama niliyeingia chumba cha watu. Humo unaweza kuubana ukurasa uwe na upana wa simu, na kuupunguza kasi mtandao uwe kama wa kijijini. Nikaongeza kivinjari cha pili kwenye kompyuta, kwa sababu kidirisha chake nilikielewa upesi zaidi. Kile chepesi nilikiweka kwenye simu yangu na kuzima picha, nione anachoona mzee.

Hata hivyo kidirisha huigiza tu. Nikampigia mtani.

“Fungua tena, babu.”

Akakata, kisha akanipigia mwenyewe. “Umefunguka kabla sijakaa. Leo mzigo umemtwika nani?”

“Namba ya simu unaiona?”

“Naiona nikiwa kivulini. Juani maandishi yako ya kijani hayaonekani.”

Nikabadilisha maandishi yote kuwa meusi.

Jumamosi mwenyekiti alifungua mkutano kwa kunisifu. Nilisimama nikasema ukweli: kwenye simu za wengi wao, ukurasa wa kwanza ulifunguka mtupu. Watu waliinamisha macho, wakaanza kucheka taratibu. Nikaomba kila mmoja aufungue mpya kwa simu yake mwenyewe. Mtu wa nyuma akaipiga ile namba, na simu ya mwenyekiti ikaita mkobani mwake.

“Lakini ule wa kampuni ni mzuri kuliko huu,” alisema mwanamume mmoja. “Una picha inayotembea.”

“Ni mzuri,” nilikubali. Ulikuwa mzuri kweli.

“Uliuona kwenye simu ya nani?” mwenyekiti akamuuliza.

“Ya mwanangu, wa Dar.”

Walijadiliana kwa muda, mimi nikiwa nje. Waliponiita, mwenyekiti alisema wamenipa msimu mmoja wa asali, kisha wataangalia. Msimu mmoja ulinitosha. Nikatoka kumpigia shangazi, nikamwambia wadogo watabaki na mimi.

“Una uhakika?”

“Nina kazi, shangazi.”

“Basi waje likizo. Na wewe uje.”

Niliporudi ndani, mama mmoja alikuwa ananingoja na simu yake mkononi. Safari hii hakuniambia hongera. “Huku pembeni maneno yamekatika,” alisema. Kweli yalikuwa yamekatika, na sikujua sababu. Nikakaa kando yake, nikafungua daftari, nikaandika jina la kivinjari chake.