Kipamkono Nilichokiweka Akiba

Nakumbuka siku moja ya Alhamisi, mwanangu, katikati ya vita vile vikubwa, nimekaa ukumbini kwangu Likoni na kifumbu mkononi, nakigeuza huku na huku, na moyo wangu haukai mahali pake. Cheka ukitaka. Kifumbu ni kitu cha kuchujia tui, hakina siri, lakini siku ile mimi nilikuwa nakisoma kama barua iliyoandikwa na mwanamke mwingine.

Nilikuwa nimeolewa miezi mitano. Mume wangu, Athmani, alikuwa seremala bandarini Kilindini, mtu wa maneno machache na mikono safi. Hana baba, hana mama, ndivyo alivyowaambia wazee wangu alipokuja kuposa, na baba yangu akasema yatima mwenye kazi ni bora kuliko mwana wa watu asiye nayo. Alinipenda, hilo sikulitilia shaka. Ila kila Ijumaa baada ya sala alivuka kwa feri, akapanda gari la moshi mpaka Changamwe, kutazama mbao, ndivyo alivyosema. Akirudi magharibi, mbao hana. Alikuwa na kifumbu, au kawa la kufunikia chakula, au pepeo la mkono, vyote vya ukili, msuko mpya wa miyaa ya mkindu unaonukia. Nikimuuliza, hujibu kwamba amevinunua njiani.

Nami nilivifurahia mpaka alipokuja Mwanakombo, binti wa ami yangu. Huyu alikuwa mkubwa wangu kwa miaka saba, ameachwa mara mbili, na hapendi kuona sufuria ya mtu mwingine inachemka. Akavikusanya vyote, akavipanga mkekani kimoja kimoja, akapitisha kidole ukingoni.

"Hebu tazama, Mwanaisha. Mkono ni mmoja huu. Kushoto ukili umekaza, kulia umelegea, kila kitu hivyo hivyo. Nani anunuaye sokoni mkono mmoja kila Ijumaa? Kuna mwanamke yuwamsukia mumeo."

Nikatazama. Wallahi ilikuwa kweli. Sisi wanawake wa pwani mkono wa msukaji twaujua kama mnavyojua nyinyi mwandiko, na ule ulikuwa mkono mmoja, kushoto umebana, kulia umelegea. Mwanakombo akajifunga buibui lake akaenda zake, maana ulimi hauna mfupa na yeye kazi yake ilikuwa imekwisha.

Sasa nikueleze jambo ambalo nyinyi vijana mnalichezea siku hizi. Zamani bibi harusi hakumpa bwana mkono wala hakumsemesha mpaka kwanza apewe zawadi, na zawadi ile ndiyo kipamkono. Athmani aliniletea bangili. Mimi, kwa ujeuri wa ujana, niliirudisha. Nikamwambia kipamkono changu nitakuja kukitaja nikipenda. Akacheka, akasema, "Chochote utakachotaja, wallahi nitakupa." Somo wangu, mama aliyenifunda, alikuwa nyuma ya pazia, na kesho yake alinifinya sikio mpaka nikalia. Kipamkono hakiwekwi, alisema, hupokewa siku ile ile kikaisha, kikiwekwa huoza. Nilimwona mzee wa mambo ya kale.

Basi Alhamisi ile nikakichukua kifumbu changu nikaenda nacho chumba cha mbele kwa Bibi Katina. Huyu alikuwa Mgiriki, mjane wa fundi mitambo, amekaa pwani miaka thelathini na Kiswahili chake kilimtii isipokuwa akikasirika. Mwenye nyumba alimpangisha vyumba viwili vya mbele, sisi viwili vya nyuma. Wakati ule alikuwa akishona mashati ya askari, nami nikijifunza cherehani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwana. Mbona uso umefura?"

Nikamwaga yote. Nikamwambia na dawa niliyoipata: kesho asubuhi nitakitaja kipamkono changu, nacho ni kupelekwa huko aendako. Ameapa, hawezi kukataa. Bibi Katina akaondoa mguu kwenye pedali. Cherehani ikanyamaza, jambo lililokuwa nadra mchana.

Akaniambia kwao zamani, kabla hawajamjua Mungu mmoja, watu waliamini miungu mingi, na mkubwa wao aliitwa Zeu, mwenye radi. Huyo Zeu alimpenda binti wa watu, Semele, akawa anamjia amejigeuza mtu wa kawaida, bila moto, bila ngurumo, anakaa naye anazungumza naye kama mume yeyote. Binti akashika mimba. Basi mke wa Zeu kwa wivu akajifanya kikongwe, akaja akakaa na Semele, akamwambia: utajuaje kama ndiye Zeu kweli? Mwambie aje kwako kama alivyo hasa.

"Huyo si mungu, mama," nikamkata. "Astaghfirullah. Huyo ni jini mahaba. Hata Mtongwe wapo."

"Mwite utakavyo, lakini sikiliza. Semele akamwambia Zeu, niahidi kitu kwanza. Akaahidi kwa kiapo kisichovunjwa hata na hao miungu. Ndipo akasema anachotaka. Zeu akamwomba ataje jingine. Alimwomba, we mtoto! Mwenye radi anambembeleza msichana: taja jingine, taja lolote. Akakataa. Basi Zeu akaja na radi zake zote, na binti akateketea pale pale alipokaa."

"Na mtoto?"

"Mtoto aliokolewa tumboni. Baba yake akamshona pajani mwake mpaka miezi ikatimia."

Nikamuuliza kwa uzi gani, maana nilikuwa mwanafunzi wa ushonaji na swali lilinijia lenyewe. Akacheka mpaka akajifuta macho, kisha akanishika kidevu. "Mwanaisha, mtu anayekupenda akikuomba utaje jingine, taja jingine."

Unadhani nilisikia? Nilisema moyoni kwamba Semele alitaka kuona moto, na mimi sitaki moto, nataka kujua tu. Kila mpumbavu hupata tofauti yake na mpumbavu wa hadithi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilivunja guu lisilokuwa langu.

Kesho yake Athmani alipokuwa anafunga kilemba kwa ajili ya sala nikamwambia, "Bwana, leo nataka kipamkono changu."

Akafurahi, maskini. Akauliza ni bangili au ni mkufu.

"Nataka unipeleke huko uendako."

Akakaa kitandani na kilemba kikamfunguka mabegani, asikiokote. "Taja jingine, Mwanaisha."

Niliyasikia maneno hayo, mwanangu. Niliyasikia kwa sauti ya Bibi Katina na kwa sauti yake pamoja. Kama kuna dakika ya maisha yangu ambayo ningepewa tena, ningeichagua hiyo. Lakini wivu ni kiziwi. Nikasema, "Uliapa." Akaniomba mara ya pili, akaniambia nitaje chochote kilichomo madukani Mombasa. Hapo ndipo nilipozidi kuamini kuna mwanamke. Nikasema tena, "Uliapa, Athmani, na Mungu alisikia."

Tukavuka. Tukapanda gari la moshi, yeye akitazama dirishani, mimi ndani ya buibui najitayarishia matusi. Changamwe tuliteremka, tukayapita makambi ya wafanyakazi, tukaingia njia ya miguu kati ya minazi mpaka kwenye kibanda kimoja cha makuti kilichojitenga na vingine. Akaniambia nisubiri nje, aingie kwanza kusema. Nikakataa. Nikaingia mbele yake.

Alikuwepo mwanamke kweli. Mwanamke mzee, amekaa chini, leso imemwanguka mabegani kwa sababu hakumtarajia mgeni, miyaa mapajani, anasuka. Uso wake ulikuwa umeliwa na ukoma. Mkono wa kushoto ulikuwa na vidole vyake. Wa kulia ulikuwa umebakiwa na viwili, na kwa hivyo viwili alikuwa akiushika ukili, asiweze kukaza upande ule.

Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Macho yalikuwa ya Athmani.

Alijaribu kuivuta leso ajifunike na vidole havikuishika. Akajaribu tena. Mimi nimesimama pale kama mlingoti, nikishindwa hata kugeuka nisimtazame, na adabu yote niliyofundwa ilikuwa imeniruka. Athmani akapita, akaipandisha leso ile taratibu, akamfunika mama yake.

"Umenifanyia nini, mwanangu?" mama akamwambia. Hakusema kwa ukali. Aliuliza tu.

Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama."

Kisha kutoka ndani ya leso akasema, "Marahaba. U mzuri kama alivyosema. Umekwisha kuniona, sasa nenda nyumbani, mwana."

Njiani Athmani alinieleza machache. Daktari alikuwa amekwisha kusema ugonjwa umesimama, haumwambukizi mtu tena, lakini ni nani wakati ule aliyemsikiliza daktari? Mama mwenyewe ndiye aliyemwapisha aseme amekufa. "Wakijua hawatakupa binti yao," alimwambia, na alisema kweli, baba yangu asingenipa. Kisha alipopata habari za harusi akaanza kunisukia vyombo vya jikoni kwangu. Hakutaka nimjue. Alitaka tu nichuje tui kwa kazi ya mkono wake. Athmani hakunigombeza, wala siku ile wala baadaye. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa iliyofuata alirudi mapema, mikono mitupu. Amekuta mlango umefungwa kwa kamba. Jirani alimwambia mama ameondoka alfajiri na kifurushi chake, ameagiza asifuatwe. Alikwisha kuonekana, na kwa hesabu yake siku moja siri ingewafikia wazee wangu na mwanawe angeachwa. Akajiondoa yeye ili kusiwe na kitu cha kugunduliwa. Athmani alimtafuta Mazeras, akamtafuta Rabai, kila alipopata siku ya mapumziko. Mimi niliziba mdomo wangu. Mwanakombo alikuja kuuliza, nikamwambia ni bibi kizee tu anayesuka, nikafunga mlango. Hilo moja nililifanya vizuri, nalo lilikuwa limechelewa.

Nilipomweleza Bibi Katina nilidhani atasema, sikukwambia? Hakusema. Alinipikia kahawa. Mimi ndiye niliyesema: mama, yule Semele wako alikuwa na bahati, aliungua mwenyewe. Mimi nimemuunguza mwenzangu. Akanishika mkono, na tukakaa hivyo mpaka kahawa ikapoa.

Karibu mwaka ukapita. Nilikuwa na mtoto wa miezi miwili, kifungua mimba wangu, alipokuja mtu kutoka bara ya Mazeras, mwanamke wa makamo, amebeba kikapu. Akatupa pole. Mama alikuwa amefariki wiki tatu nyuma, kwa ndugu zake wa mbali ambao Athmani hakuwajua, amezikwa vizuri. Kisha akatoa kikapuni kawa dogo, dogo hivi, la kufunika sahani ya mtoto.

"Alisikia kwa wapita njia kwamba mkeo ana mimba," akamwambia Athmani. "Alilisuka muda mrefu, vidole vya kushoto navyo vilikuwa vimemwishia nguvu. Alisema nimpe mke wa mwanawe, mkononi."

Nikapokea kwa mikono miwili. Pande zote mbili zilikuwa zimelegea. Nililia, mwanangu, nikalia mbele ya mgeni bila kuona haya, na Athmani kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Changamwe akaja akakaa karibu yangu.

Kipamkono changu ndicho hicho, kawa lile. Kikanifika.

Basi nisikilize, wewe unayetaka kuolewa, na wewe unayetaka kuoa. Sikwambii ufumbe macho. Mume anayekupiga, anayekuibia, anayecheza na wengine, fumbua macho umwache, wala usimngoje Mwanakombo akwambie. Lakini mpenzi wako ana chumba kimoja moyoni ambacho hajakufungulia. Gonga. Gonga tena mwaka ujao. Usivunje mlango, na zaidi usiuvunje kwa ahadi aliyokupa kwa mapenzi, kwa sababu ahadi ya namna hiyo mtu hukupa akiwa hana ngao. Nyuma ya mlango huenda hakuna mwizi. Huenda yuko mtu amekaa chini, leso imemwanguka, anakusukia kitu. Kuchamba kwingi, mwisho wake unaujua, nisije nikautaja nikiwa na tasbihi mkononi.

Na ukiambiwa taja jingine, mwanangu, taja jingine. Chukua bangili.

Mola akupe mwenza wa kukustiri nawe umstiri, awape watoto wa kufunikiwa sahani zao, na kila aliyekufanyia wema kwa siri akupe kumshukuru angali hai. Kawa lile liko pale ukutani. Ukipata mtoto, njoo ulichukue.