Binti wa Cirhuza

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu na kwa herufi nilizokosea. Niliishia shule ya msingi, na mkono wangu hutembea polepole kuliko mawazo. Mimi si mzee wa kutoa nasaha. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi hadi leo nashtuka.

Mwanangu, wewe unayelala mgongoni mwangu ninapoandika, kuna siku moja haijatoka machoni mwangu. Ilikuwa siku ya dote yangu, yaani mahari, nyumbani kwa shangazi, Kadutu, mjini Bukavu. Familia ya baba yako ilikuja na mbuzi, pombe ya ndizi tunayoiita kasiksi, na mashati yaliyopigwa pasi, maana ni watu wa ofisi. Baba yangu, Cirhuza, alikuwa amefika kutoka Kamituga, anakochimba dhahabu tangu mama yangu alipofariki nikiwa mdogo. Suruali yake bado ilikuwa na matope ya barabara. Kofia ilikuwa mpya.

Lazima ujue hili kwanza. Kwetu Bashi, kila mtoto ana jina lake. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kukaa dawati moja na mwalimu asijue. Ila msichana hubeba pia jina la baba: mimi ni Nsimire, yaani nimeshukuru, na ni M'Cirhuza, binti wa Cirhuza. Huolewa nalo, huzaa nalo, huzikwa nalo. Jirani yetu Kambale, Mnande anayeuza maharagwe, jina lake linasema yeye ni mvulana wa pili kwao. Wazungu, shangazi aliniambia, nyumba nzima huvaa jina moja, na mke huliacha la kwao siku ya harusi. Kila watu na desturi yao, siicheki ya mtu. Mimi niliionea haya ya kwetu.

Kwenye karakana ya ushonaji wenzangu walikuwa wameanza kuniita Madame Bisimwa, kwa jina la baba yako. Eh, masikio yangu yalinenepa! Nikaona M'Cirhuza linanuka udongo wa shimo.

Basi siku ile, watu wameketi, vikombe viko mikononi, mama wa Bisimwa akaniambia, "Simama tukuone, binti yangu. Unaitwa nani?"

Mimi ninayenong'ona hata nikinunua chumvi, nikajibu kwa sauti: "Madame Bisimwa."

Nyumba ikalipuka kwa vicheko. Mjomba wa baba yako akapiga makofi: "Ngoja kwanza! Huyu amefika mbele ya gari!" Nami nikacheka. Nikamgeukia baba nione anavyocheka.

Baba alikuwa amesimama. Alikuwa anavaa kofia yake.

"Unaenda wapi?" shangazi akauliza.

"Narudi Kamituga. Niliitwa nije kutoa binti yangu. Huyu hapa, mi simujui baba yake."

Akatoka. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile niliona umevunja mfupa wa mtu.

Shangazi hakunipigia kelele. Aliniinamia sikioni, na huo upole wake ulikata kuliko kisu: "Mwacha asili ni mutumwa. Unangojea nini? Mufuate!"

Nilishuka mteremko na viatu vipya, nikiteleza. Nikamkuta barabarani akipatana na dereva wa pikipiki.

"Papa, nisamehe. Ilikuwa ni kucheka tu."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Nsimire," akasema, "sikukujengea nyumba. Masomo yako nilishindwa. Nilikupa kitu kimoja tu, ni jina. Mule ndani ya shimo, udongo ukitikisika, najiambia: hata nikibaki huku chini, kuna mutu Bukavu, wakimuita yeye, wataniita na mimi. Leo umenizika ningali muzima."

Sijui sauti ilitoka wapi. Mbele ya wauza ndizi na watu wote nilipaza: "Mimi ni Nsimire M'Cirhuza! Baba yangu ni huyu hapa!"

"Tumesikia, maman," dereva akasema. "Hata kule Rwanda ng'ambo wamesikia. Sasa muzee anapanda ao hapandi?"

Baba alivua kofia, akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi.

"Hapandi," akasema.

Tulirudi. Mama wa Bisimwa alisimama mwenyewe, akaniuliza tena jina langu, nami nikalisema lote. Naye akasema, "Hata mimi niko M'Lukogo. Kuna mutu hapa anakumbuka?" Watoto wake wakatazamana. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akaagiza baba yangu amiminiwe kasiksi kabla ya wote.

Basi, mwanangu. Wewe ni M'Bisimwa. Ukiolewa, mpende mume wako, pika chakula cha kwao, lakini usimfanye baba yako marehemu kabla ya siku yake. Kabla hujaacha jina, uliza nani anaishi ndani yake. Na ukikosea mbele ya watu, tengeneza mbele ya watu. Msamaha wa uchochoroni hautoshi.

Babu yako bado yuko Kamituga. Mvua ikizidi na simu yake haipatikani, mimi hulitaja jina langu lote kwa sauti, hapa nyumbani, peke yangu. Mungu akulinde wewe, amlinde na yeye huko chini. Akupe sikio la kusikia unapoitwa, na mguu mwepesi wa kurudi.

Nanyi mliosoma, niandikieni. Nani aliwapa majina yenu, na siku ile nyumbani kulikuwaje? Andikeni kwa herufi kubwa, nasoma polepole.

Nsimire M'Cirhuza